Fungu la Kyungu

Mniruhusu niseme jambo moja kabla sijaanza. Siku ile sikuwa nimekunywa. Nasema hivi kwa sababu kila ninapoeleza kisa hiki hapa Kolwezi, lazima mmoja aulize nilikuwa nimemaliza chupa ngapi, na wengine wanacheka, na mimi nacheka nao maana sitaki ugomvi. Lakini dereva aliyebeba wageni hanywi, na mimi nimeshika usukani miaka mingi bila kumwangusha mtu. Tena mimi si mtu wa kuona vitu. Kanisani kwetu wenzangu huona malaika karibu kila Ijumaa. Mimi huona pazia na mgongo wa mama aliyekaa mbele yangu. Basi niaminini. Nilichokiona juu ya milima ya Kibara nilikiona kwa macho haya mawili, saa mbili ya asubuhi, huku nikitafuna.

Mimi ni pacha. Kaka yangu alitangulia kutoka akaitwa Kyungu, na nyinyi mnaojua majina ya mapacha wa Katanga hamna haja ya kuambiwa langu. Tulizaliwa Mutshatsha, karibu na reli, na mama yetu alitulea kwa sheria moja: cha mmoja ni cha wawili. Bukari, ugali wetu, aliipakua katika sahani mbili zilizo sawa, akazipima kwa jicho mpaka zilingane. Akikosa uwezo wa kununua mashati mawili, hakununua hata moja, tukavaa yaliyochanika sote wawili. Alisema pacha akinyimwa fungu lake hukasirika, na pacha akikasirika hurudi alikotoka. Nani angethubutu kubishana naye?

Sahani zililingana, sisi wenyewe hatukulingana. Mimi nilikula polepole, Kyungu alimaliza yake na kunyoosha mkono kwenye yangu. Nililia, yeye akacheka, mama akampiga kofi moja na mimi kofi moja, ili tulingane.

Tulipokua tulikuja Kolwezi pamoja. Mimi nilijifunza udereva, yeye akaenda kuchimba madini na vijana wengine upande wa Mutoshi. Msimu mmoja wa mvua shimo lao liliporomoka. Walitolewa watatu, wote maiti, nami nilisimama pale tangu asubuhi hadi jioni nikitazama kila mguu unaovutwa kwenye matope. Kyungu hakutoka. Mchimbaji mmoja alisema siku ile hakuingia kabisa. Mwingine aliapa kwamba alimwona Likasi. Wa tatu alisema ameelekea kaskazini na wawindaji, kule kwenye mbuga. Unafanya nini na maneno kama hayo? Huwezi kuyazika, na huwezi kuyaalika mezani.

Wajomba walitaka tufanye matanga tumalize. Mama alikataa. Aliwaambia, "Mi sitakaa matanga ya mutu hamuyaniletea. Muniambie kwanza eko wapi." Wakarudi nyumbani kwao. Tangu siku ile mama alikaa akingoja huko Mutshatsha, na mimi nilijua kwamba haombi utajiri wala uzima. Anaomba tu mtu mmoja mwenye macho aje kumwambia kama mtoto wake yu hai au amekufa.

Mimi nami niliendelea na sheria ya nyumbani. Nikinunua suruali, nilinunua mbili, na ya pili niliiweka katika sanduku chini ya kitanda. Mtu aliyezaliwa peke yake hatanielewa. Pacha hajui kukaa peke yake, hakufundishwa. Nikiwa katikati ya watu sokoni, nilikuwa naacha nafasi ya mtu mmoja kando yangu, na watu wanaingia katika nafasi ile, nami nakasirika bila sababu. Mke wangu alivumilia. Baadaye akachoka, akampelekea mchungaji habari. Mchungaji aliniambia kwamba ninamlisha pepo, na kwamba sanduku lile ndilo linalofunga mlango wa baraka zetu. Nikalifungua, nikazigawa nguo zote. Sitamsingizia mchungaji peke yake, wala mke wangu. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kununua mkate mmoja kama watu wengine.

Sasa sikilizeni safari yenyewe.

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimekatika, baridi inaanza. Nilipewa kazi ya kupeleka wageni wawili katika mbuga ya Upemba, bwana na bibi kutoka Lubumbashi, watu wazima, wapole. Yule bibi alikuwa na hamu moja tu maishani, awaone punda milia. Alinieleza njia nzima kwamba nchi yetu, pamoja na ukubwa wake wote, imebaki na punda milia wachache sana, na hao wachache wako juu ya milima ile ya Kibara tu. Nikasema ndiyo, mama. Kwa kweli nilikuwa nawaza matairi.

Likasi tulisimama. Wageni walikwenda kutafuta maji, mimi nikaenda penye nguo za tombola, yaani mitumba, maana nilikuwa nimeambiwa kwamba juu kule baridi haina huruma. Nilipata makoti mazito ya bluu, ya watu wa kazi. Mkono wangu ulichukua mawili. Nilikuwa nimeshageuka kwa muuzaji ndipo nikajishtukia, nikarudisha moja juu ya lundo. Nilinunua mkate mmoja na kopo moja la sardini. Nilijisikia mwepesi, nikajiambia, ona, hata hii inawezekana.

Kutoka Bunkeya barabara ni ya kumuomba Mungu. Tulifika juu kesho yake jioni. Jamani, kule juu si Congo ninayoijua mimi. Hakuna mti wa kuegemea, hakuna moshi wa makaa, hakuna mtu. Ni nyasi tu, zinakwenda mpaka mbingu inapozikata, na upepo unaozilaza upande mmoja siku nzima. Mimi nimezoea Kolwezi, ambapo hata ukitaka kulia itabidi upange foleni. Pale nilisikia sauti ya nguo zangu mwenyewe. Nilimkumbuka Kyungu jioni ile kuliko nilivyomkumbuka kwa mwaka mzima, nikalala vibaya.

Askari wa mbuga tuliyepewa aliitwa Tata Ngoy, mzee mkavu, asiyesema mara mbili. Asubuhi, kabla jua halijapanda, alituongoza kwa gari mpaka kwenye mgongo wa kilima kimoja, akaniambia nizime gari hapo. Punda milia walikuwa wamelala ng'ambo ya bonde. Wao watatu wangeshuka kwa miguu na kupanda upande wa pili, kimyakimya.

"Weye shofere, ubaki hapa," aliniambia. "Usiwashe moteri. Usipige klaksoni, hata kidogo. Banyama bale banaogopa watu sana, juu ya bawindaji balibamaliza. Bakikimbia leo, hatubaone tena."

"Ndiyo, Tata."

Wakashuka. Nilibaki na gari. Kazi ya dereva ni kungoja, mwenye kujua anajua. Nilivaa koti langu, nikafungua sardini, nikakata mkate, nikaanza kula.

Ukungu ulianza bondeni. Ulipanda taratibu, ukajaza bonde, ukafika magurudumuni, ukafunika boneti. Mara nyingine ulifunguka nikaona ng'ambo, mara ukajifunga nisione hata kioo cha pembeni. Katika kufunguka kumoja nilimwona punda milia. Alikuwa peke yake, hatua ishirini hivi kutoka kwenye gari, ananitazama. Nikamwaza yule bibi aliyetembea kwenye baridi kumtafuta mnyama, na mnyama amekuja kumtembelea dereva. Nikacheka peke yangu. Ukungu ukapita kati yetu. Uliporudi kufunguka, pale aliposimama punda milia alikuwa amesimama mtu.

Sisemi kwamba aligeuka. Sikumwona akigeuka, na sitaongeza chumvi. Nasema nilichoona: kwanza mnyama, halafu ukungu, halafu mtu.

Alikuja mpaka dirishani. Alikuwa na singileti tu, fulana ya ndani, imegandamana mwilini kwa matope yaliyokauka, na kichwa amekiinamisha hivi, mikono amejikumbatia. Alikuwa anatetemeka. Sasa mniambie, nyinyi mngefikiri nini? Kule mtu anayetokea porini peke yake ni mwindaji haramu, au ni mtu wa silaha, na wote wawili hawana salamu nzuri. Nilifunga milango. Kioo kilikuwa wazi upana wa vidole vinne, nikakiacha hivyo.

"Unipe yangu," alisema.

Hakusema nipe kidogo. Hakusema nisaidie. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu mwenye mafua.

"Yako nini, tata?" nikamjibu. "Hapa hakuna kitu yako."

"Baridi iko mingi. Unipe yangu, mi niende."

"Iko moja tu," nikasema, nikiwa na maana ya koti, na mkate pia. Nikaanza kupandisha kioo.

Alikitazama kioo kikipanda. Kisha akauliza, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani: "Sasa unanunuaka moja?"

Akageuka akaondoka. Hapo ndipo nilipomjua. Mimi sijawahi kuuona mgongo wangu ukitembea, lakini mke wangu huniiga akitaka kunichekesha, anaangusha bega la kushoto na kuvuta kisigino kidogo, na mtu yule alikuwa anakwenda vile vile. Nilifungua mlango, nikavua koti, nikamkimbilia nikiita jina lake. Niliita jina lake na langu pamoja, kama mama alivyokuwa akituita tule. Ukungu ulikula sauti. Nilikimbia mpaka nikageuka nikaona sina gari nyuma yangu, sina mtu mbele yangu, ni nyasi na weupe. Sijapata kuwa peke yangu namna ile. Hata siku ile ya shimo nilikuwa na watu.

Nililiacha koti pale chini, nililitandaza vizuri ili alione. Nikapapasa njia mpaka nikalikuta gari. Kisha nikafanya kosa ambalo dereva mwenye akili halifanyi. Nilitaka ajue niko wapi. Nikaweka kiganja kwenye honi, nikaikandamiza na uzito wangu wote, muda mrefu, mpaka mkono ukafa ganzi. Sikumwaza Tata Ngoy wala yule bibi.

Kyungu hakurudi. Waliorudi ni wao watatu, baada ya saa nzima, ukungu umeshaanza kupungua. Uso wa bibi ulikuwa umevimba kwa kulia. Walikuwa wamefika karibu, wamelala kifudifudi kwenye nyasi, wanangoja ukungu uinuke kidogo tu, ndipo nikapiga. Walisikia kwato, basi. Hawakuona hata mkia. Bwana hakunigombeza. Alinitazama, akamfungulia mkewe mlango. Ningependa angenigombeza.

Tata Ngoy alinivuta pembeni. Nikajua sasa ndiyo ninatukanwa, na ninastahili. Lakini aliniuliza jambo jingine.

"Ndugu yako ameenda wapi?"

"Ndugu gani, Tata?"

"Ule mulikuwa naye. Mi nilikuwa naangalia na jumeli ya kuona mbali, ukungu ilifunguka kidogo. Nikaona watu babili ku motokari, moja ndani, moja inje. Sura moja. Nikajisemea, huyu shofere alifichaka ndugu yake ku nyuma ya motokari, anataka kumutembeza bure."

Niliketi chini kwenye nyasi. Mzee hakuuliza zaidi. Alikwenda akatembea mahali nilipomwonyesha, ameinama, akarudi na koti langu mkononi, limelowa umande. Alisema amelikuta limetandazwa vilevile. Kyungu hakuligusa. Nililielewa jambo hilo papo hapo, na mtu wa kwetu yeyote angelielewa: pacha hapokei la mwenzake. Hupokea lake.

Tulirudi mpaka Kolwezi. Nilirudisha gari, sikulala nyumbani hata usiku mmoja, nikaenda Mutshatsha kwa mama.

Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, koti likiwa mkononi. Nilifikiri atapiga yowe, au atanifukuza kama mlevi. Aliendelea kumenya. Kisha akaanza kuuliza.

"Alikuwa na bilato?"

"Sikumwangalia miguuni, mama."

"Alikonda?"

"Alikuwa ameinama. Sikumwangalia vizuri."

"Na weye ulikuwa unakula?"

"Ndiyo, mama."

"Mukate ulikuwa ungali ku mukono?"

Hapa, ndugu zangu, nawaeleza jambo ambalo siwaambii wale wanaonicheka. Mkononi kilikuwa kimebaki kipande kimoja, cha mwisho. Yule mtu aliposema unipe yangu, niliona anakitazama. Nikakiingiza kinywani chote kwa mara moja ili asije akakiomba, nikamjibu maneno yale yote mashavu yamejaa. Nilimwambia mama hivyo hivyo. Nilimwambia pia kwamba alikuwa karibu, kioo kikiwa wazi, mkono wake ungeweza kupita.

Mama akaweka kisu chini.

"Mukono ingepita?"

"Ingepita, mama."

"Na hakunyanganya?"

"Hakunyang'anya. Aliomba tu."

Mkono wake ulikuwa juu ya mhogo na haukusogea. "Basi amekufa," alisema. "Kyungu muzima haombake. Kyungu muzima angekunyanganya mpaka mu kinywa."

Jioni ile aliwatumia wajomba habari wakusanyike, tufanye matanga. Hawakuamini masikio yao, wakauliza amejuaje, akawaambia, "Mutoto yangu moja amemuona." Watu walikuja, wakaimba, wakakesha. Mama hakulia, maana pacha haliliwi, na mimi nilikatazwa kulia kwa sababu hiyo hiyo. Nilikaa kwenye kona nikipokea watu mkono. Mama amepata alichokuwa anangoja, analala usingizi sasa, majirani wanasema amenenepa kidogo. Ni mimi niliyempelekea amani hiyo, na ninapomtembelea, ananipakulia chakula vizuri, lakini hanitazami nikiwa ninakula.

Majuto ni mjukuu, na wangu ameshaanza kutembea. Nimerudia kununua viwili viwili. Mke wangu hasemi tena kitu, na mchungaji nimemkwepa. Mwaka uliofuata niliomba likizo, nikapanda mwenyewe mpaka kule, nikamsihi Tata Ngoy anipeleke kwenye mgongo ule ule. Nilikuwa na makoti mawili, mikate miwili, makopo mawili. Nilifungua vioo vyote, nikakaa tangu alfajiri mpaka jua likawaka. Ukungu ulikuja, ukafunguka, ukaenda zake. Punda milia walipita ng'ambo, sita au saba, wakila taratibu, wala hawakuniogopa. Hakuna aliyekuja. Nilikula mkate wangu, nikauacha wa pili kwenye nyasi, na nilipofika chini nililia ndani ya gari, pale ambapo hakuna mjomba wa kunikataza.

Sasa nyinyi mnaosikiliza, acheke anayetaka kucheka. Lakini kama kwenu kuna mtu mliyezoea kumwekea fungu, msije mkalifuta kwa sababu mmechoka, au kwa sababu mtu wa nje amewaambia ni ujinga. Na siku mtu akija dirishani, mchafu, anatetemeka, akasema nipe yangu, usimuulize yake ni ipi. Mpe kwanza, halafu mtazame vizuri, kuanzia usoni mpaka miguuni. Mimi ni pacha wake, tulikaa tumbo moja, alisimama karibu nami kuliko ulivyo mkono huu, na mpaka leo siwezi kumwambia mama yangu kama mtoto wake alikuwa na viatu.